Kufufua boti kuukuu ya faiba: mwongozo wa kazi kando ya Ziwa Kivu

Ukitembea kando ya ziwa hapa Bukavu, kutoka Nguba kuelekea Muhumba, utaziona boti za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini) zimelazwa ubavu, majani yameota ndani, wenyewe wamezikatia tamaa. Nyingi bado ni nzima kuliko zinavyoonekana. Faiba haiozi kama mbao na haishikwi na kutu kama chuma. Kinachokufa ni mbao zilizofichwa ndani yake, skrubu, na viraka vilivyobandikwa na watu wenye haraka. Hayo yote yanatengenezeka kwa mikono, hata pale ambapo umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unakuja na kuondoka unavyotaka.

Nitangulize jambo linaloamua kazi nzima. Rezini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za faiba, ikiwa ya zamani ilikwisha kuganda miaka mingi, haitayeyuka tena ili iungane na mpya. Kiraka chako kitaishikilia faiba ya zamani kwa juu tu. Kwa hiyo nguvu ya kiraka inatokana na vitu vitatu: usafi wa mahali, ukavu wake, na upana wa eneo ulilosaga. Wingi wa rezini hausaidii chochote. Mtu akikuambia kazi ya kuziba tundu ni ya asubuhi moja, mshukuru na umtafute fundi mwingine.

Ichunguze kabla ya kununua hata kopo moja

Simama nyuma ya boti, uiangalie kwa urefu wake. Mkuku umenyooka? Pande mbili zinafanana? Boti iliyopinda kwa sababu ililala miaka juu ya jiwe moja ni ngumu kurudi, na mimi singeitia pesa. Vivyo hivyo ile ambayo faiba ya chini imelainika sehemu kubwa, ukiibonyeza kwa goti inaingia. Tundu, hata kubwa, halinitishi. Tundu lina mwisho wake, ulaini hauna.

Chukua sarafu nzito au mpini wa bisibisi, ugonge mwili wote, sentimita tano kwa tano. Faiba nzima inajibu kwa sauti kavu, ta-ta-ta. Mahali ambapo tabaka zimeachana au maji yameingia, sauti inakuwa nzito na fupi, bu-bu. Zungushia kila mahali pa namna hiyo kwa penseli au chaki. Usitumie kalamu ya mafuta, kwa sababu alama yake itakusumbua wakati wa kubandika.

Kisha soma nyufa. Nyufa zinazotawanyika kutoka kituo kimoja zinasema boti iligongwa hapo, na kwa ndani huenda tabaka zimevunjika hata kama nje unaona mstari mwembamba tu. Nyufa zinazokwenda sambamba, hasa karibu na mihimili ya ndani au kwenye kona ya ubao wa nyuma unaobeba injini, zinasema mahali hapo panapindapinda boti ikitembea. Ukiziba za namna ya pili bila kuimarisha kilicholegea kwa ndani, zitarudi kabla ya msimu kwisha.

Malengelenge ni habari nyingine. Toboa moja kwa ncha ya msumari, ukiwa umevaa miwani: likitoa maji yenye harufu kali kama ya siki, rezini ya ndani imeanza kuliwa na maji. Maji ya ziwa yanafanya hivyo kwa haraka zaidi kuliko ya bahari, maana maji yasiyo na chumvi hupenya faiba kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu boti iliyotoka pwani ikiwa safi inaweza kuota malengelenge ikikaa Kivu mwaka mzima bila kutolewa.

Mwisho wa uchunguzi, mimina ndoo kadhaa za maji ndani ya boti ikiwa nchi kavu, halafu lala chini uangalie wapi panatoka jasho. Maji yanaonyesha njia ambazo jicho halioni. Usijaze, uzito wa maji utaivunja.

Iegemeze, ifunike, ioshe

Boti iwekwe juu ya magogo au magunia ya mchanga, uzito wake ukibebwa na mkuku, si na ubavu. Ikiwa imekaa imejikunja wakati unaweka kiraka, kiraka kitagandia katika mkunjo huo na hutaweza kuurudisha. Juu yake tandaza shitingi (turubai la plastiki) iliyoinuliwa vizuri ili upepo upite. Bukavu mvua inaanza Septemba mpaka Mei, na hata katika kiangazi asubuhi kuna ukungu unaoacha umande kwenye kila kitu.

Osha kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, suuza, acha ikauke. Kisha pitisha asetoni kwa vitambaa viwili: cha kwanza kimeloa, cha pili kikavu kinafuata nyuma papo hapo, na vyote unavibadilisha mara kwa mara. Boti iliyobeba sambaza (samaki wadogo kama dagaa) na mafuta ya injini miaka mingi ina grisi hata mahali panapoonekana pasafi. Kazi hii ifanyike kabla ya msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma ile grisi ndani ya mikwaruzo na hutaitoa tena. Petroli na mafuta ya taa si badala ya asetoni, vyote viwili vinaacha utando.

Ikauke kwelikweli

Hapa ndipo wengi wanaiba muda. Faiba iliyolowa inaonekana kavu kwa juu siku ya pili tu, lakini ndani bado ina maji. Fungua malengelenge yote, toa sakafu, toa povu lililojazwa chini yake kama limelowa, saga kidogo mahali palipoonyesha sauti nzito ili unyevu upate mlango. Osha kwa maji safi mara kadhaa, kwa sababu ile asidi ya ndani inavuta unyevu, na isipooshwa haitakauka.

Kipimo rahisi: bandika kipande cha plastiki angavu, kama cha ukurasa wa daftari, ufunge kingo zote kwa utepe usiopitisha hewa. Kiache siku nzima. Ukikuta matone kwa ndani, endelea kusubiri. Kwa tundu la kawaida wiki moja au mbili za kiangazi zinatosha. Kwa malengelenge mengi hesabu miezi. Mwenye boti ya namna hiyo aitoe majini mwanzoni mwa Juni ili Agosti afanye kazi.

Vifaa, na neno kuhusu mastiki ya gari

Katika maduka mengi ya quincaillerie, yaani ya vifaa vya ujenzi, utakachopewa kwanza ukisema unaziba boti ni mastiki ya gari, ile wanayotumia watu wa karoseri kunyoosha bodi za magari. Ni ya bei nafuu, inaganda haraka na inasawazika vizuri. Tafadhali usiiweke chini ya mstari wa maji. Imejaa unga wa talki, inanywa maji, haina nyuzi ndani yake, na boti ikigonga wimbi inaachia yote kwa pamoja. Nimeona viraka vya mastiki vimepakwa rangi nzuri, vimeuzwa pamoja na boti kwa mtu mwenye watoto. Huo ni udanganyifu unaoweza kuua, katika ziwa ambalo kina chake kinafika karibu mita 480.

Unachohitaji ni rezini ya poliesta ya boti au epoksi, dawa yake ya kugandisha (hapa kwetu durcisseur), mkeka wa faiba wa nyuzi fupi wa gramu 450 kwa mita ya mraba, kitambaa cha faiba kilichosukwa cha gramu 600, asetoni, mashine ya kusaga yenye diski za msasa namba 36 au 40, msasa wa namba 80 mpaka 400, brashi za bei ndogo, mzani mdogo wa jikoni, na sirinji kutoka duka la dawa. Rola ya chuma yenye mifereji, ya kutolea hewa, ni adimu. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa kupanga washa (pete bapa za bolti) kubwa na ndogo kwa zamu kwenye nondo nyembamba yenye mpini.

Poliesta au epoksi? Epoksi inashika faiba ya zamani vizuri zaidi na maji hayaipenyi kwa urahisi, ila bei yake ni kubwa. Kwa kiraka kilicho chini ya maji na kwa ubao wa injini, kama mfuko unaruhusu, chukua epoksi. Poliesta inatosha kwa mengine, na hata kwa tundu ukisaga inavyotakiwa. Mambo mawili usiyasahau. Epoksi inaweza kuwekwa juu ya poliesta, lakini poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri. Na ule mkeka wa nyuzi fupi kwa kawaida umeshikanishwa na gundi inayoyeyushwa na poliesta pekee, kwa hiyo ukitumia epoksi fanya kazi kwa kitambaa kilichosukwa au kushonwa, acha mkeka.

Rezini ya poliesta haidumu milele dukani, kwa kawaida ni kama miezi sita mahali penye baridi. Kabla ya kuipeleka kwenye boti, koroga gramu 100 pamoja na dawa yake katika kikopo na uone inaganda vipi. Iliyokaa sana inavuta kama asali au inaganda nusu nusu. Irudishe.

Jilinde

Dawa ya kugandisha poliesta inapofusha. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuharibu jicho moja kwa moja, kwa hiyo vaa miwani ya kufunika kabla ya kufungua chupa na uwe na jerikani la maji safi karibu. Likitokea, suuza robo saa nzima bila kukatisha, kisha hospitali.

Kama rezini yako imekuja na chupa mbili, moja ya dawa na nyingine ya kobalti yenye rangi ya zambarau, sikiliza vizuri: hizo mbili zisikutane peke yake kamwe. Zinalipuka. Kobalti inakorogwa kwanza ndani ya rezini mpaka ipotee kabisa, ndipo dawa inafuata. Usitumie kijiti kimoja kwa zote mbili, wala usiziweke pamoja kwenye sanduku moja. Rezini nyingi huuzwa kobalti ikiwa imeshatiwa ndani; uliza, na usome kopo.

Vumbi la faiba linakaa kwenye mapafu na kuwasha ngozi wiki nzima. Barakoa ya kitambaa haifai. Tafuta ile ya vumbi laini kwa kusaga, na yenye vichujio vya mvuke kwa kupaka rezini. Vaa mikono mirefu, funga ncha za miguu ya suruali, na uoge kwa maji baridi baada ya kazi. Watoto wakae mbali, na jiko la makaa la mama wa chai lisogezwe, kwa sababu asetoni na mvuke wa rezini vinashika moto kwa mbali.

Kusaga: nusu ya kazi iko hapa

Tuchukue tundu halisi la kawaida huku: boti imegonga jiwe la lava karibu na Goma, mbele upande wa kulia, chini ya mstari wa maji. Tundu ni sentimita 12 kwa 8, na faiba pale ina unene wa milimita 5.

Kwanza kata yote iliyovunjika mpaka ufike kwenye faiba nzima inayolia vizuri. Kona zote ziwe za mviringo, kona kali huzaa ufa mpya. Halafu saga mteremko kuzunguka tundu, kutoka ukingo kwenda nje. Kipimo ni 12 kwa 1: kwa unene wa milimita 5, mteremko uwe na upana wa milimita 60 kila upande. Mtu anayeiona mara ya kwanza anashtuka, kwa sababu tundu la sentimita 12 kwa 8 limekuwa kidonda cha sentimita 24 kwa 20. Acha ashtuke. Upana huo ndio unaogawa mzigo, na mteremko mfupi unang'oka ukingoni.

Shika mashine kwa mikono miwili, bapa, isichimbe mashimo. Kadiri unavyoshuka utaona tabaka za zamani zikijitokeza moja baada ya nyingine kwa pete, mkeka, kitambaa, mkeka. Pete zikiwa na upana unaolingana pande zote, mteremko wako umenyooka. Uso uliosagwa vizuri ni mweupe usiong'aa. Mahali panapong'aa bado hapajaguswa, na rezini haitashika hapo. Umeme ukikatika, jenereta ndogo inaiendesha mashine hii. Bila hiyo, msasa namba 40 juu ya kipande cha mbao unafanya kazi ileile kwa jasho na muda.

Kama unafikia upande wa ndani, saga huko pia sentimita 8 kuzunguka. Futa vumbi kwa brashi, pitisha asetoni kwa kitambaa safi, na kuanzia hapo usiguse mahali pale kwa vidole vitupu.

Kuweka tabaka

Tundu linahitaji kitu cha kuegemea. Ukifika ndani, funga kipande chembamba cha triplex (ubao wa tabaka zilizogandishwa) kilichofunikwa kwa plastiki, kikifuata mkunjo wa mwili. Usipofika, tengeneza kwanza kipande cha faiba chembamba mezani, juu ya plastiki. Kikiganda, kikate kikubwa kidogo kuliko tundu na ukitoboe katikati, upitishe waya. Tundu likiwa na urefu kuliko upana, kama hili letu, unakiingiza kikiwa kimesimamishwa kwa ukingo, unakivuta kwa waya kikae kwa ndani na gundi ya epoksi kingoni, na unaufunga waya kwenye kijiti kilicholala nje mpaka gundi ikauke. Hicho hakitoki tena.

Kata tabaka zote kabla ya kukoroga chochote. Mkeka wa gramu 450 ukishaloweshwa unatoa kama milimita 1, na kitambaa cha gramu 600 pungufu kidogo ya hapo. Kwa milimita 5 zetu ninapanga mkeka, kitambaa, mkeka, kitambaa, mkeka, kisha mkeka mwembamba wa kumalizia. Kila kipande kinapungua ukubwa. Mafundi wanabishana uanze na kikubwa au kidogo. Mimi naanza na kikubwa, kwa sababu tabaka la kwanza linashika mteremko wote mara moja, na ukija kusawazisha kwa msasa unakata vipande vidogo vya juu bila kuligusa lile linaloshikilia.

Sasa rezini. Poliesta inataka dawa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake. Kwa baridi ya Bukavu, ambayo mchana mara nyingi ni kati ya nyuzijoto 20 na 25, naweka karibu na 2: gramu 100 za rezini kwa gramu 2 za dawa, yaani chini kidogo ya mililita 2 kwenye sirinji. Usipunguze chini ya 1 ili upate muda zaidi, haitaganda sawasawa hata ikae mwezi. Chini ya nyuzijoto 15 usifanye kazi, kwa hiyo anza saa nne asubuhi ukungu ukishaondoka na umalize saa tisa. Epoksi ina kanuni tofauti kabisa: fuata kipimo cha kopo kwa gramu, usiongeze wala kupunguza, kwa sababu dawa yake ni sehemu ya gundi yenyewe.

Koroga taratibu dakika nzima, ukikwangua pembeni na chini. Una robo saa, pengine dakika ishirini. Paka rezini kwanza kwenye mteremko, laza mkeka wa kwanza, kisha ugongegonge kwa ncha ya brashi. Usiburute, mkeka utakatika nyuzi. Utauona ukibadilika kutoka mweupe kuwa angavu. Doa lolote jeupe lililobaki ni hewa au ukavu. Litoe sasa, kwa rola, kutoka katikati kwenda nje. Kwa mkeka hesabu rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Kwa kitambaa, uzito sawa kwa sawa. Rezini ikianza kutiririka umezidisha, na rezini bila nyuzi hupasuka upesi.

Weka tabaka tatu, nne zikizidi, kisha acha zipoe. Ukirundika zote kwa mara moja joto linapanda, kiraka kinajikunja na hata kutoa moshi. Vivyo hivyo kikopo kilichobaki na rezini iliyotiwa dawa: kimwage kwenye bati bapa nje, mbali na majani makavu. Kikishaganda kipeleke jalalani. Usikitupe ziwani, maji hayo watu wanachota kupikia.

Poliesta isiyo na nta inabaki na unato juu, na huo unato ni mzuri kati ya tabaka na tabaka, ukiendelea siku hiyohiyo husagi. Lakini tabaka la mwisho litie rezini yenye nta, au ulifunike kwa plastiki mpaka ligande. Kesho yake lipitishie kitambaa chenye asetoni: likiwa bado linanata, halijaiva, ongeza siku na joto la jua. Kwa epoksi, osha uso uliokauka kwa maji na sifongo ngumu kabla ya msasa, kuna utando wa mafuta unaojitokeza juu na rangi haiupendi.

Ukimaliza nje, toa ile triplex na uweke tabaka mbili kwa ndani, zipite ukingo wa tundu sentimita 8 ulizosaga.

Ubao wa injini

Nyuma ya boti nyingi kuna triplex iliyofungwa ndani ya faiba, na injini inaning'inia hapo. Maji yanaingia kwenye matundu ya bolti, ubao unaoza kimya, na nje huoni kitu. Simama juu ya mguu wa injini, ukiwa nchi kavu, uitikise: ubao ukicheza, umekwisha. Hakikisha kwa kutoboa matundu madogo ya milimita 5 kutoka ndani. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Unga wa kahawia wenye maji unakupa kazi.

Kata faiba ya ndani, acha ya nje nzima, ng'oa ubao wote uliooza mpaka ukutane na faiba tupu, saga, kausha. Ubao mpya uwe triplex yenye gundi isiyoogopa maji. Ipime: chemsha kipande saa moja, kiache kikauke, chemsha tena, kikiachana, usikinunue. Mbao nzima ya mikaratusi iliyojaa milimani kwetu haifai, inajipinda na kupasuka. Bandika karatasi mbili za triplex kwa epoksi iliyokazwa kwa unga wa silika, zibane kwa bolti na vibano, kisha funika kwa tabaka za faiba zinazopanda kwenye kuta za pembeni na chini, kona zote zikiwa zimejazwa mviringo kwanza. Kila tundu la bolti ulitoboe kubwa, ulijaze epoksi, likishaganda ulitoboe tena kwa kipimo chake, ili mbao isikutane na maji hata bolti ikilegea. Muhuri wake uwe gundi ya poliuretheni. Silikoni ya bafuni haishiki hapo na inaharibu uso kwa rangi ya baadaye.

Mihimili ya ndani na sakafu zinafuata njia hiyohiyo, sirudii. Ila povu lililolowa litoe lote. Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari, na injini hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo injini ya farasi 40 huku inakupa kama 34. Huna nguvu ya kubebea maji yaliyojificha chini ya sakafu.

Kusawazisha na kupaka

Mabonde madogo jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa silika. Msasa namba 80 kwenye ubao mrefu, kisha 180, kisha 320. Juu ya poliesta tupu, isiyojazwa epoksi, unaweza kupaka jelikoti, yaani poliesta yenye rangi ya kumalizia. Juu ya epoksi paka rangi ya poliuretheni ya vyombo viwili, baada ya koti mbili tatu za epoksi tupu chini ya mstari wa maji. Chagua rangi nyeupe au nyepesi. Jua la huku juu ni kali, rangi nyeusi inapasha faiba moto na kuchosha viraka. Acha kiraka wiki nzima kabla ya kukigusisha maji.

Majini

Kabla ya kurudisha sakafu, kausha kiraka kwa ndani na ukisugue chote kwa chaki nyeupe. Ingiza boti majini karibu na ufuko, asubuhi ziwa likiwa limetulia, bila abiria. Pakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu utakaowabeba, uyapange pale watakapokaa. Baada ya saa moja angalia chaki: maji yakipita hata kidogo, inageuka kijivu na unauona mstari wenyewe yanakotokea. Kisha washa injini, tembea polepole, halafu kwa kasi, rudi, angalia tena. Kaza bolti za injini, kwa sababu ubao mpya hukaa vizuri baada ya mtikisiko wa kwanza.

Mzigo uandike ubavuni kwa rangi isiyofutika, idadi ya watu na kilo, na uchore mstari ambao maji yasiupite. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, ufuko ukionekana. Hakuna kiraka kinachoshindana na uzito wa namna hiyo. Chaki ikibaki nyeupe siku tatu boti ikiwa majini, toa magunia, funga sakafu kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, weka jaketi la kuokolea kwa kila kiti, na mwambie mwenye boti aitoe majini kila kiangazi ili uigonge tena kwa sarafu.